Mwulize Mama Spana: Forester inachemsha Kitonga, shemeji anasema niiuze

Mwezi huu sanduku langu limejaa Subaru. Toyota zenu naona zinatembea tu, hamna la kuniuliza. Nimechagua barua nne. Za tabo (turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) zenye moshi wa bluu nitazijibu toleo lijalo, maana zinataka ukurasa wake.

Shikamoo Mama Spana. Nilinunua Forester ya 2009, lita 2.0 isiyo na tabo, kwa mtu hapa mjini. Ndani ya mji haina tatizo. Nikienda Iringa, nikianza kupandisha mlima wa Kitonga mshale wa joto unapanda, nikifika juu unashuka wenyewe. Fundi wa kwanza akatoa themostati. Wa pili akaweka rejeta nyingine. Wa tatu anasema ni gasketi ya hedi, injini ishuke. Shemeji yangu anasema Subaru zote ndivyo zilivyo, niiuze kabla haijafia mikononi mwangu. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Msikilize fundi wa tatu, ila usimpe hata senti kabla hujafanya jambo moja mwenyewe.

Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua boneti. Jaza rejeta mpaka juu, funga mfuniko. Pembeni kuna chupa ya plastiki ya maji ya akiba. Hakikisha maji yamefika kwenye alama. Washa gari, liache lipate moto wake wa kawaida, kisha mtu akukanyagie mafuta mpaka mizunguko 2,500 hivi na aishikilie hapo. Wewe macho yasitoke kwenye chupa. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyobaki, yaache yapite. Yakiendelea kuja mfululizo, moja baada ya jingine bila kukoma, na ukisogeza pua unasikia harufu ya ekzosi, basi moshi wa ndani ya silinda umepata njia ya kuingia kwenye maji. Hiyo ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya silinda na hedi iliyozifunika, na fundi wa tatu anajua kazi yake. Na tafadhali, mfuniko wa rejeta usiguswe injini ikiwa ya moto. Nimeshaona mikono iliyoungua kwa haraka hiyo.

Mapovu yasipoonekana, rudi kwa fundi wa pili umuulize kama alitoa hewa baada ya kufunga rejeta mpya. Rejeta nyingi za Subaru zina skrubu ndogo ya plastiki kwenye pembe ya juu, kazi yake ni hiyo tu. Hewa ikibaki ndani, mjini hutaijua. Kitonga itakuonyesha. Na themostati irudishwe. Kuitoa ni tabia yetu ya zamani, tunadhani tunaipoza injini, kumbe tumeiondolea kitu kinachopanga joto lake. Nunua iliyo sahihi, hata kama ya bei ya chini imekaa palepale dirishani.

Sasa kwa nini gari hili linatusumbua wakati Corolla ya jirani inatiwa maji ya bomba miaka nenda rudi na haisemi kitu? Injini ya Corolla imesimama. Ya Subaru imelala: pistoni mbili kulia, mbili kushoto, hedi mbili zimetazama magurudumu. Uzito unakaa chini, ndiyo maana Forester inashika barabara kwenye kona mpaka unaipenda. Lakini hedi mbili maana yake gasketi mbili, na zote ziko pembeni chini, ambako oili na maji hutuama hata gari likiwa limezimwa. Maji yenye chumvi au kutu yanazila taratibu. Weka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, iliyochanganywa ipasavyo, na ibadilishwe kwa wakati. Nikimwambia mteja hivyo ananiangalia kana kwamba nina duka la kulanti.

Tuwe wakweli pia kwa upande wa kampuni. Sifa mbaya ya gasketi ilitokana hasa na injini yao ya lita 2.5 ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000. Marekani ilivuja sana hadi kampuni ikawaongezea wateja wa huko muda wa dhamana. Yako ya lita 2.0 haimo kwenye kundi lile. Ikiwa nayo imekufa gasketi, dau langu ni kwamba kuna mtu kabla yako aliiendesha ikiwa inachemka, akisema atafika tu.

Ikithibitika, injini ishuke. Kuna wanaojaribu kuifanya ikiwa mahali pake, na kazi ile haikai. Hedi zote mbili zikapimwe na kusawazishwa, gasketi ziwe za chuma za tabaka kadhaa, na hapohapo ubadilishe mkanda wa taimingi, rola zake na pampu ya maji, maana utakuwa umeshalipia kufunguliwa. Fundi akikwambia abadilishe upande mmoja kwanza mwingine utaangaliwa baadaye, chukua funguo zako.

Huo mkanda ni wa muhimu kuliko gasketi yenyewe. Kwa injini yako hubadilishwa kila kilomita 100,000. Tafuta ndani ya boneti au kwenye kava la mkanda: mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika kikaratasi chenye tarehe na kilomita za siku ulipobadilishwa. Kama hakipo, chukulia haujabadilishwa. Ukikatika njiani, valvu zinakutana na pistoni, na hapo utakuwa unatafuta injini nyingine kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar.

Shemeji mpe salamu zangu. Ukishatengeneza na bado hulipendi, uza. Ukiliuza hivi lilivyo bila kusema neno, unamkabidhi mwenzako Kitonga yako.

Hujambo Mama Spana. Marehemu baba alikuwa akitupeleka kando ya barabara kutazama Safari Rally, na Subaru za bluu ndizo tulizozingoja. Nasikia kampuni hii ilianza kwa ndege za vita. Ni kweli? Na kama walishinda Safari, mbona yangu inaumwa kila mwezi?
*Msomaji, Nakuru*

Sijambo, baba. Ni kweli. Chikuhei Nakajima alianza kutengeneza ndege mwaka 1917, na kampuni yake ilikuja kuwa miongoni mwa waundaji wakubwa wa ndege za kivita za Japani, wakiwa na karakana zao kule Ota, mkoa wa Gunma. Vita ilipoisha mwaka 1945 Japani ikakatazwa kuunda ndege. Wahandisi walibaki na vyuma na mikono mitupu. Mwaka 1946 wakatoa pikipiki ndogo ya kupanda kama kiti, wakaiita Rabbit, na za kwanza zilitumia magurudumu ya mkiani ya ndege ya kudondoshea mabomu yaliyosalia stoo. Kampuni ilikuwa imevunjwa vipande. Mwaka 1953 vipande vitano vikaungana kuwa Fuji Heavy Industries. Ndiyo maana nembo ina nyota kubwa moja na ndogo tano, kundi lile ambalo wakulima huku wanaliita Kilimia.

Mwaka 1958 wakatoa Subaru 360, kigari cha injini ya nyuma, kazi ya mhandisi Shinroku Momose aliyetoka kwenye ndege. Japani kilipendwa. Kilipopelekwa Marekani, jarida la Consumer Reports mwaka 1969 likakiandika kuwa hakikubaliki. Kampuni iliyoanza hivyo kwenye soko lile ingeweza kufungasha virago.

Kilichoibeba, kwa maoni yangu, kilitoka gereji, na hapa mnisamehe nikijivuna kwa niaba ya kazi yetu. Shirika la umeme la Tohoku, kaskazini mwa Japani, lilikuwa likikagua nyaya zake kwenye theluji kwa magari aina ya Jeep, na wafanyakazi walikuwa wanaganda. Wakamwomba wakala wa Subaru wa mkoa wa Miyagi awatafutie gari la kawaida, lenye joto ndani, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mafundi wa wakala wakachukua Subaru ya familia, ya kuvuta kwa mbele, wakaifungia difu ya nyuma, ile gia inayozungusha magurudumu ya nyuma, ya Nissan Bluebird. Ndiyo, spea ya mshindani! Ikatembea. Kiwanda kikalichukua wazo, na mwaka 1972 Leone ya magurudumu manne ikaingia sokoni. Subaru yako ni mjukuu wa kazi ile.

Safari yenyewe: mwaka 1993 walileta Vivio, kigari cha cc 660, na Patrick Njiru akalifikisha mwisho likashinda daraja lake. Wengi wanakumbuka Impreza ya Colin McRae iliyoshinda 1997 na ya Richard Burns mwaka 2000. Mimi nikiulizwa nawataja hao, lakini ninayemvulia kofia ni Njiru na kile kigari. Timu yao ikaondoka mashindano ya dunia mwishoni mwa 2008.

Swali lako la pili. Impreza ya McRae ilikuwa ikifika kituo cha huduma, kundi zima la mafundi linaivamia. Shokapu, tairi, chochote kilicholegea kinatoka kipya kinaingia. Yako ina wewe, mimi, na ahadi ya mwisho wa mwezi. Ushindi ule uliuza magari mengi sana kwa watu ambao hawakuuliza bei ya matunzo, na wafanyabiashara hawakuwa na haraka ya kuwaambia.

Usinielewe kwamba kampuni ni malaika. Mwaka 2017, uleule ilipobadili jina kuwa Subaru Corporation, ilikiri kwamba viwandani Gunma ukaguzi wa mwisho wa magari ya soko la Japani ulikuwa ukifanywa pia na watu wasio na idhini, na mambo yalikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Miaka 30! Hapo siwezi kumlaumu mteja na maji yake ya bomba.

Fundi, tairi la nyuma la Legacy yangu lilipasuka nikaweka la mtumba, saizi ileile. Sasa nikikata usukani wote kuegesha, gari linagoma kama limeshikwa breki. Ni gia boksi?
*Msomaji, Moshi*

Bado, lakini unakoelekea ni huko. Saizi iliyoandikwa ubavuni ni ileile. Kashata, ile mikato ya tairi inayokanyaga barabara, ndizo hazilingani. Tairi lililolika lina mzunguko mdogo, kwa hiyo linazunguka mara nyingi zaidi ya wenzake, na mfumo wa magurudumu manne unabaki unapambana na tofauti hiyo safari nzima. Tofauti ya mzunguko inayovumilika ni kama milimita 6 tu. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kila tairi katikati, andika.

Badilisha zote nne ziwe za aina moja. Mfuko ukikataa, tafuta la mtumba lililolika sawa na matatu yaliyobaki, usichukue lile zuri kuliko yote dukani. Kwenye Legacy nyingi za otomatiki za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 kuna kishikio cha fyuzi ndani ya boneti kimeandikwa FWD. Ukiweka fyuzi pale, magurudumu ya nyuma yanapumzika. Kimewekwa kwa ajili ya siku unapotumia tairi la akiba. Kitumie ufike dukani, usikifanye mazoea. Kugomagoma kule kusipokwisha baada ya tairi kulingana, hapo ndipo tuiangalie klachi ya nyuma ya gia boksi.

Shikamoo. Nina milioni 18. Nataka Subaru nifanyie taksi ya mtandaoni hapa Dar. Rafiki ananishauri Forester ya tabo, mwingine anasema nitafute ya 2012 yenye cheni, eti haina matatizo. Ipi?
*Msomaji, Mbagala*

Marahaba. Ya cheni ni kweli ipo: kuanzia mwisho wa 2010 Forester isiyo na tabo ilipata injini mpya, mkanda ukatoka cheni ikaingia. Ni injini nzuri kuliko ya zamani. Lakini "haina matatizo" ni maneno ya dalali. Baadhi ya injini za kizazi hicho zinakula oili. Marekani wenye magari waliipeleka kampuni mahakamani, mwaka 2016 wakafikia suluhu. Anayeimiliki achomoe stiki ya oili kila anapojaza mafuta, asingoje taa iwake.

Ya tabo kwa taksi, hapana. Foleni ya Kilwa Road asubuhi, kiyoyozi kinawaka kwa sababu abiria atakupa nyota moja, petroli inashuka ukiitazama. Tabo inataka oili nzuri na kwa wakati, na wewe utakuwa barabarani kuanzia alfajiri huna nafasi ya kulala gereji.

Nunua Toyota ndogo, IST au Passo. Milioni itakayobaki iweke kwenye bima kubwa na tairi mpya. Rafiki yako wa tabo mwambie anipigie, nina injini yake moja hapa chini ya turubai tangu Ramadhani na mwenyewe hapokei simu.