Skrubu zimegoma kutoka kwenye mlingoti, nifanyeje?

SWALI: Fundi shikamoo. Nimenunua boti ya tanga ya zamani, mlingoti ni wa aluminiamu na skrubu zake ni za stenlesi. Nataka kutoa winchi iliyofungwa hapo ila skrubu zimegoma, nimemwagia oili wee wapi, na moja kichwa kimeanza kulika. Nitafute bisibisi kubwa zaidi?

JIBU: Marahaba. Hiyo bisibisi iache kwanza, kichwa kikishalika chote unabaki na keekee tu. Hapo sio kutu ya kawaida. Stenlesi na aluminiamu zikigusana kwenye maji ya chumvi zinakuwa kama betri, inayoliwa ni aluminiamu, inageuka unga mweupe na ule unga unachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo unajaa kwenye meno ya skrubu unaibana pande zote, oili itapita wapi sasa?

Kwangua unga unaouona kwa msumari mwembamba, dondoshea siki nyeupe uiache ifanye kazi, halafu suuza na maji baridi yasiyo na chumvi. Baada ya hapo ni moto. Aluminiamu ikipata joto inatanuka kuliko stenlesi, kama 23 kwa 16 hivi, ndo maana unapasha mlingoti kuzunguka skrubu, sio kichwa cha skrubu. Tumia "heat gun", yaani mashine ya kupuliza hewa ya moto, ukidondosha tone la maji likachemka papo hapo inatosha, ukizidisha sana aluminiamu inapoteza ugumu na huo mlingoti ndo unabeba tanga. Ila kabla ya moto futa oili yote na uchomoe kamba na nyaya zinazopita ndani, hili usilipuuze kabisa.

Ikiwa bado ina joto weka bisibisi ya kugonga kwa nyundo, KAZA kidogo kwanza ndo ulegeze, kaza legeza, ukiona unga mweupe umetoka pembeni ujue imeachia. Isipoachia rudia moto, usilazimishe.

Ile iliyolika toboa kichwa tu kwa drili, ukishatoa winchi kipande kinachobaki unakibana na plaisi ya kujifunga unakizungusha taratibu.

Wakati wa kurudisha paka lanolini (mafuta ya sufu ya kondoo) au Duralac (dawa ya kupaka kati ya metali tofauti zisilane) kwenye meno ya kila skrubu, na chini ya winchi weka kipande cha plastiki ngumu ili isigusane na mlingoti.