Ukienda Foundling Museum, usianze na picha

Msomaji ameuliza: ana nusu siku London, British Museum ameshaimaliza, je, Foundling Museum, jumba la kumbukumbu la watoto waliotelekezwa, inastahili kiingilio? Inastahili. Wanaotoka pale wakilalamika kwamba ni nyumba ya picha za kizamani mara nyingi wamekosea jambo moja: wamepanda ngazi mapema mno.

Jumba liko namba 40 Brunswick Square, Bloomsbury. Shuka kituo cha Russell Square, laini ya Piccadilly, kisha tembea kama dakika tano. Jumatatu pamefungwa. Mtu mzima hulipa, tofauti na British Museum, kwa hiyo tazama bei na saa kwenye tovuti yao kabla ya kutoka. Tenga saa mbili na nusu, na karibu nusu yake iishie ghorofa ya chini.

Jina nalo lisikupoteze. Foundling ni mtoto aliyetupwa akaokotwa, na Foundling Hospital, taasisi ambayo jumba hili linasimulia habari zake, haikuwa hospitali ya wagonjwa. Katika Kiingereza cha karne ya 18 neno hospital lilimaanisha pia mahali pa kuwahifadhi wahitaji. Mwanzilishi ni Thomas Coram, nahodha wa meli aliyeona vichanga vimetupwa kandokando ya barabara za London. Alihangaika miaka 17 kutafuta kibali, akabisha hodi kwa mabibi wa makabaila waume zao walipompuuza, hadi Mfalme George II akatoa hati mwaka 1739. Usiku wa 25 Machi 1741 walipokewa watoto 30 wa kwanza. Hadi malezi ya bwenini yalipokoma mwaka 1954, watoto wapatao 25,000 walikuwa wamepita mikononi mwa taasisi hiyo.

Sasa simama kwenye makabati ya ghorofa ya chini, na simama kwelikweli. Utaona vitu vidogo: sarafu iliyochongwa herufi, pete, kifungo, ganda la njugu. Mgeni huvitazama akadhani ni zawadi ambazo mama alimwachia mwanawe. Sivyo, na ukiondoka na kosa hilo umekosa kiini cha jumba zima. Mtoto hakukiona kitu hicho. Karani aliandika fomu yenye tarehe, namba, nguo alizovaa mtoto na alama za mwilini, akaambatanisha kile kitu, akakunja karatasi na kuifunga kwa lakiri. Mtoto akabatizwa jina jipya. Tangu hapo mama hakuwa na jina la kuulizia. Akirudi siku moja, aliitaja tarehe na kukieleza kitu chake, ndipo karatasi ifunguliwe. Kilikuwa ufunguo, wala si kumbukumbu ya mapenzi peke yake.

Ambaye hakuwa na pete alitoa kitambaa, au karani alikata kipande kwenye nguo ya mtoto. Sisi tuliozoea kanga zinazosema hatuhitaji kufundishwa kwamba nguo hubeba neno. Vipande hivyo, maelfu kwa maelfu, vimehifadhiwa London Archives, hifadhi ya nyaraka za jiji, huko Clerkenwell, wala si jumbani, kwa hiyo usitegemee kuviona vyote hapa. Kati ya watoto 16,282 waliopokewa tangu 1741 hadi 1760, waliochukuliwa tena na wazazi wao ni 152. Soma namba hiyo mara mbili kisha rudi kwenye kabati.

Tena kuna hasara iliyotokea baadaye. Miaka ya 1860 wasimamizi waliamua kuvionyesha vitu hivyo hadharani, wakavibandua kwenye fomu zake. Kwa kitendo hicho walikata uzi kati ya kitu na mtoto. Watafiti wameunganisha baadhi kwa kulinganisha maelezo ya makarani, lakini vingine havijapata mwenyewe.

Pale pale chini, tafuta maelezo ya kura. Kuanzia 1742 nafasi zilikuwa chache kuliko kina mama waliofika, ndipo ikaletwa mifuko ya mipira. Mama aliyechomoa mweupe, mtoto wake alipimwa afya na kupokewa. Mwekundu, asubiri mtoto mwingine akikataliwa kwa ugonjwa. Mweusi, arudi nalo jambo lake mtaani. Mabibi wenye nafasi zao walikuja kutazama. Kisha Bunge likatoa fedha mwaka 1756 kwa sharti kwamba asikataliwe mtoto yeyote: siku ya kwanza waliletwa 117, na kufikia 1760 walikuwa karibu 15,000. Wauguzi wa kunyonyesha hawakutosha, wengi wa watoto hao wakafa, na Bunge likakata fedha. Huruma isiyo na mpango wa maziwa na wanyonyeshaji iliua watoto, na ni haki kulisema hilo waziwazi mbele ya yeyote anayefungua kituo cha watoto leo.

Kabla ya kupanda, ingia Committee Room, walipohojiwa kina mama, utazame kazi ya mchoraji William Hogarth kwa mara ya kwanza. Picha yake ya askari wakienda Finchley aliichezesha bahati nasibu mwaka 1750. Tiketi 167 zilizobaki aliipa taasisi, na iliyoshinda ikatoka humo humo.

Hapo ndipo picha zinaanza kusema. Hogarth alikuwa mmoja wa wadhamini, akawashawishi wachoraji wenzake watoe kazi zao bure. Royal Academy, chuo cha sanaa chenye maonyesho yake, haikuwepo hadi 1768, na mchoraji wa Kiingereza hakuwa na ukuta wa hadhara wa kujionyesha. Taasisi ikapata picha, wachoraji wakapata watazamaji matajiri, na tajiri aliyekuja kutazama picha alitoka ameacha fedha. Kila fremu ya juu ilikuwa ikimfanyia kazi mtoto.

Ghorofa ya kwanza, nenda kwanza kwenye picha ya Coram ya mwaka 1740. Wafalme walichorwa kwa ukubwa ule. Huyu ni baharia mwenye koti jekundu, bila wigi, miguu haifiki sakafuni vizuri, mkononi ameshika lakiri ya ile hati.

Kisha Court Room. Usidhani ni chumba cha kuigiza. Jengo hili ni la miaka ya 1930, lakini dari ya plasta na mapambo yake viling'olewa kwenye jengo la zamani lilipobomolewa, vikapangwa upya. Kuna picha nne kubwa za Maandiko. Ya Hogarth ni Musa akiletwa kwa binti Farao. Tazama mikono: mtoto ameng'ang'ania nguo ya mwanamke aliyemlea, huku mwanamke huyo akihesabiwa ujira wake. Anayejua Kutoka sura ya 2 anafahamu kwamba mlezi huyo ndiye mama mzazi. Na watoto wa Coram walipelekwa mashambani kwa walezi wa kunyonyesha, wakarudishwa London wakiwa na miaka kama mitano, wakiachanishwa na mama wa pekee waliyemjua. Wadhamini walikaa vikaoni chini ya picha hiyo. Karibu yake ni Hajiri na Ismaili ya Joseph Highmore, kisa ambacho msomaji wa Lamu au Zanzibar anakijua tangu chuoni. Kati ya picha za duara tafuta ile ya jengo la Charterhouse, kazi ya mchoraji Gainsborough akiwa kijana wa miaka 21.

Juu kabisa ni kwa Handel, mtunzi wa muziki. Alipiga utunzi wake Masihi kanisani mwa taasisi mwaka 1750 kwa ajili ya kuchangisha, na kwa wosia akaiachia nakala ya muziki huo. Kuna viti vyenye spika mgongoni. Keti, miguu itakuwa imechoka.

Ukitoka, angalia kwenye uzio wa chuma nje: kuna glavu ndogo ya mtoto, kama imeokotwa ikatundikwa. Ni shaba, kazi ya msanii Tracey Emin. Jirani ni Coram's Fields, uwanja wa michezo mahali liliposimama jengo la zamani. Kama umekuja peke yako usijaribu kuingia. Mtu mzima haruhusiwi bila kuwa na mtoto.