Haniangalii Machoni

Barua tatu za safari hii zinauliza jambo moja: mtoto asiyemtazama mtu usoni. Majibu yake hayafanani hata kidogo, kwa hiyo tunawaomba wasomaji wasichukue zoezi la barua moja wakalipeleka kwa mtoto wa barua nyingine.

Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne, na maneno matatu tu. Nikimwita hageuki, lakini tangazo analolipenda likilia kwenye runinga anatoka mbio chumbani. Hanyooshi kidole kunionyesha kitu; ananivuta mkono. Akiwa na mwezi mmoja alikuwa ananitazama vizuri. Siku hizi namshika kidevu namwambia "niangalie", anaishia kulia. Nimekosea wapi? (Mama, Njiro, Arusha)

Mama, hukukosea, ila kidevu kiache kuanzia leo.

Mwaka 2013 watafiti Warren Jones na Ami Klin walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto tangu wakiwa wachanga. Wale waliokuja kugundulika kuwa na usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na watu) walianza kwa kutazama macho ya watu kama wenzao, kisha kutazama huko kukapungua taratibu kati ya miezi 2 na 6. Kwa hiyo kumbukumbu yako ya mwezi wa kwanza inaweza kuwa sahihi kabisa, na bado tatizo likawepo. Hatusemi mwanao ana usonji, maana hilo haliamuliwi kwa barua. Ila kutogeuka akiitwa, kutonyoosha kidole na maneno matatu katika umri ambao wengi wameshaanza kuunganisha mawili ("nipe maji", "mama njoo") ni mambo ya kumpeleka mtoto sasa. "Wavulana huchelewa kuongea" tunaisikia kila kona, na imewapotezea watoto wengi mwaka mzima.

Anza na masikio. Kusikia tangazo hakutoshi: mtoto mwenye majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, au asiyesikia sauti nyembamba, bado atasikia muziki wa runinga huku jina lake likimfikia kama mvumo. Chukua kadi ya kliniki uombe rufaa kituo chako cha afya. Ukiandikiwa hospitali ya KCMC, Moshi, ulizia mapema kama macho, masikio na kliniki ya watoto vinaweza kupangwa siku moja. Nauli ya kutoka Arusha na kurudi, ukiwa na mtoto asiyependa umati, si ya kurudia mara tatu.

Sasa kidevu. Watu wazima wengi wenye usonji wanaoweza kujieleza husema wakilazimishwa kutazama macho wanashindwa kusikiliza. Mtoto anayetazama pembeni huenda ndiyo njia yake ya kukusikia. Ukimgeuza kwa nguvu anajifunza kitu kimoja tu, kwamba uso wa mama una shida, na kesho atauepuka kutoka mbali zaidi. Lengo lisiwe macho. Lengo ni yeye kugundua kwamba usoni mwako kuna jambo zuri linakuja.

Jaribu mapovu. Changanya kikombe kimoja cha maji, vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji na kijiko kimoja cha chai cha sukari. Sukari huyafanya mapovu yadumu. Weka kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza. Keti chini, macho yako yalingane na yake, umbali wa kama nusu mita, dirisha likiwa mbele yako na si nyuma yako. Mwanga ukitoka nyuma, uso wako kwake ni kivuli. Puliza wewe, maana mtoto akipewa mrija huvuta badala ya kupuliza akanywa sabuni. Puliza mara mbili tatu, kisha inua mrija karibu na shavu lako, nyamaza na uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoharibu: wanafika tatu, wanaanza "sema puliza, niangalie, haya sema". Akikutupia jicho, hata la nukta moja, hata akitazama mdomo tu, puliza papo hapo. Asipokutazama, puliza vilevile baada ya kumi. Huu si mtego, na chakula au maji visitumike hivi kamwe. Baadaye funga kifuniko, mpe chupa. Akishindwa kuifungua atakuletea, na mara nyingi hutazama anapokupa.

Dakika tano, mara tatu kwa siku, runinga imezimwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 2 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na simu ya kumtuliza kwenye daladala nayo inahesabika.

Binti yetu ana miezi tisa. Alichelewa kulia alipozaliwa, akawekewa oksijeni. Shingo bado haijakaza. Macho yake yananipita kama sipo, anakodolea taa au dirisha. Wataalamu wa macho wamesema macho ni mazima. Sasa ni nini? (Baba, Majengo, Moshi)

Baba, jicho linapokea picha, ubongo ndio unaoisoma. Mtoto aliyekosa hewa ya kutosha wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa na macho mazima huku sehemu ya ubongo inayosoma picha imeumia. Kukodolea mwanga, kuona kitu kinachotembea kuliko kilichotulia, na kugeuza uso pembeni wakati mkono unakifuata kitu, ni alama zake za kawaida. Rudini kwa daktari wa watoto mkimtajia hayo, na mwombe mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Habari njema ni kwamba kuona kwa aina hii huweza kuboreka katika miaka ya mwanzo, mtoto akipewa mazoezi yanayofaa.

Shingo kwanza. Mtoto anayehangaika kubeba kichwa hana nguvu iliyobaki ya kutazama. Mpakate mgongo wake ukiegemea kifua chako, kichwa kimeshikiliwa, au mlaze ubavu na khanga iliyoviringishwa nyuma yake. Tandika mbele yake kitambaa cheusi kisicho na maua. Kitenge cha mama ni kizuri, lakini kwa mtoto huyu uso juu ya maua na madoa hupotea kabisa. Wakati wa zoezi avae nguo ya rangi moja.

Kikombe chekundu au cha njano cha plastiki, kimoja tu, sentimita 30 hivi kutoka usoni, kidogo upande anaopendelea. Kitikise polepole, kisha kitulize. Usiongee: wengi hawawezi kusikiliza na kutazama kwa pamoja. Subiri hata nusu dakika. Akikipata kwa macho, ndipo useme. Tumia kikombe hichohicho wiki kadhaa kabla ya kubadilisha, na akishakizoea kiinue karibu na uso wako. Akipiga miayo, akipata kwikwi au akifumba macho, amechoka, mwacheni. Leo ataona, kesho hataona, hiyo ni tabia ya hali yenyewe na si ukaidi.

Msisubiri miadi kwa mambo mawili. La kwanza, akijikunja ghafla, mikono ikiruka mbele, mara moja baada ya nyingine, hasa anapoamka: watu huita chango au kushtuka, kumbe inaweza kuwa aina ya kifafa cha wachanga kinachoharibu ubongo. Mrekodi kwa simu, mkimbizeni hospitali siku hiyohiyo. La pili, mboni inayoonekana nyeupe kwenye mwanga au kwenye picha ya flashi, ambayo inaweza kuwa mtoto wa jicho au uvimbe wa saratani ndani ya jicho.

Mjukuu wangu ana miaka minne. Akisalimia wageni anainamisha macho. Mama yake aliye mjini amesoma kwenye simu, anasema ni usonji. Sisi tumemfundisha hivyo. (Bibi, Marangu)

Shikamoo bibi. Mtazame akiwa hana mgeni. Je, akiona kuku kaingia jikoni anakugeukia usoni na kusema "bibi, tazama"? Akifanya kosa anakuchungulia kuona kama umekasirika? Anacheza kupika na wenzake, mmoja mama mmoja mtoto? Kama ndiyo kwa yote matatu, hiyo ni adabu yenu. Kama hapana, hata kwa moja, mama yake ampeleke akapimwe.