Majungu Yameshaoshwa, Chakula Kibaya Kitajulikanaje?

Swali: Assalamu alaykum daktari. Baada ya harusi hapa kwetu Wete watu wengi waliharisha na kutapika. Siku ya tatu wakaja mabwana afya wakatuhoji hata sisi tuliokuwa wazima. Majungu yalishaoshwa. Watajuaje ni chakula gani?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Walioletwa kwenu waliletwa na daftari la kituo cha afya. Muuguzi akiona wagonjwa kadhaa wa shehia moja wanaharisha siku moja, hupiga simu wilayani. Kikishukiwa kipindupindu, taarifa haingoji hesabu ya wiki. Inatakiwa ndani ya saa 24.

Nyinyi wazima ndio mlio muhimu zaidi, na nasikitika watu wengi huwafungia mlango wahojaji wakiona wanapotezewa muda. Tuchukue mfano wa waalikwa 100, wakaugua 32. Pilau wamekula 90, wakaugua 29. Ukitazama hapo tu utalisingizia pilau. Lakini kati ya 10 wasiolila wameugua 3, yaani karibu sawa kwa sawa. Sasa kachumbari: walioila ni 60, wameugua 30, wasioila ni 40, wameugua 2. Hapo kachumbari ndiyo ya kushukiwa, na bila ya wale wazima hesabu hiyo haifanyiki.

Saa nazo zinasema. Kutapika kunakoanza saa 1 hadi 6 baada ya kula hunifanya nishuku sumu ya vijidudu, kwa mfano kwenye wali uliopikwa ukaachwa nje; kuupasha moto hakuiondoi. Salmonela, kijidudu kingine cha kwenye chakula, huchukua saa 6 hadi siku 6 kuonyesha dalili, kipindupindu saa chache hadi siku 5. Ndiyo maana wanakuulizeni mlikula saa ngapi, na kama wanaume na wanawake walipakuliwa jungu moja.

Jungu limeoshwa, lakini kidudu kinaweza kuwa bado kimo tumboni mwa mgonjwa. Choo chake kichukuliwe kabla hajaanza antibiotiki, kipelekwe maabara; Pemba tunayo ya Ivo de Carneri, Chake Chake.

Kuna mahali ambapo kuotesha vijidudu maabara ili vitambulike hakusaidii. Machi 2024 Kisiwa Panza, hapa hapa Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki na wengine 78 wakalazwa baada ya kula nyama ya kasa. Sumu ya kasa haifi kwa moto na haina dawa ya kuiondoa. Pale suali la "mmekula nini?" ndilo lililobeba kila kitu.

Wakirudi, waambieni pia nani alipelekewa sahani nyumbani. Mtu aliyeugua bila kufika harusini, akala kutoka sahani hiyo tu, ni ushahidi mzito: hakunywa maji yenu wala hakukaa na wagonjwa wenu.