Kopo la kunasa oili haliponyi ringi zilizokwisha

Msomaji ameandika kwamba injini yake ya zamani inatoa moshi wa bluu, na ameshauriwa afunge kopo la kunasa oili. Asifunge kwanza. Kopo linazuia mvuke wa oili usirudi kwenye manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, basi. Ringi za pistoni, zile pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda, zikiwa zimekwisha, oili inaendelea kupanda kwenye silinda na kuungua kama kawaida, kopo liwepo lisiwepo.

Injini yoyote, hata mpya, huvujisha gesi kidogo pembeni mwa ringi za pistoni hadi chini kwenye kasha la krenki. Gesi hiyo hutolewa kupitia vali ya PCV, yaani vali ya kupumulisha kasha hilo, ambayo mara nyingi iko kwenye kava ya tapeti, kisha huvutwa na manifoldi ikachomwe upya. Ikibeba oili nyingi, huacha utando mweusi kwenye throtoli na njia za hewa. Oili hiyo ikichanganyika na petroli hushusha oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili kuwaka kabla ya wakati, na injini inaweza kuanza kutoa mlio wa kugonga ukiikanyaga kwenye mlima.

Kwa hiyo pima. Injini ikishapata moto, iache ingurume bila kukanyaga mafuta, fungua kifuniko cha kujazia oili, halafu weka karatasi ngumu juu ya tundu. Karatasi ikinyonywa taratibu na kukaa, injini inapumua vizuri. Ikirushwa, ama PCV imeziba au ringi zimechoka. Chomoa vali ya PCV uitikise: zile za kawaida hulia ndani, na iliyo kimya imeganda, ibadilishe. Karatasi ikiendelea kurushwa hata baada ya hapo, pima kompresheni, yaani mgandamizo, ya kila silinda. Kwenye silinda iliyo chini, mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Kipimo kikipanda sana, tatizo ni ringi. Kisipopanda, kagua vali za silinda na gasketi ya silinda hedi. Huo ndio uamuzi wa kweli, na watu wengi wanauruka kwa sababu kopo linang'aa na kupima kunachosha.

Vipimo vikiwa vizuri, funga kopo kati ya vali ya PCV na manifoldi. Usilifunge kwenye mpira unaoleta hewa safi kutoka upande wa eaklina, yaani kichujio cha hewa. Mdomo wa kuingilia upokee mpira wa PCV, wa kutokea uende manifoldi, na vali yenyewe ibaki mahali pake. Kopo lazima liwe limezibwa kabisa. Yale yenye kichujio kidogo juu hayafai upande huu: manifoldi itavuta hewa isiyopimwa, mchanganyiko utapungukiwa petroli, na injini itapandisha na kushusha mzunguko ikiwa imesimama. Angalia pia ndani. Bila vizuizi au wavu wa chuma wa kugonganisha matone, gesi inapita na oili yake vilevile.

Mpira uwe wa kuhimili oili, wenye nyuzi ndani, na tundu lisilo dogo kuliko la asili, kwa kawaida milimita 10 hadi 13. Mpira wa maji ya hita hulainika kwa oili, kisha mvuto wa manifoldi huubana ukaziba. Kaza kopo kwenye bodi, mbali na ekzosti, mahali penye upepo, maana mvuke hugeuka matone ukipoa. Acha mpira uwe na nafasi ya kucheza kwa sababu injini hutikisika. Uteremke moja kwa moja kuelekea kopo, usiwe na bonde la kutuamisha oili. Kwenye injini ya turbo ongeza vali ya njia moja upande wa manifoldi, la sivyo presha itarudi kwenye krenki.

Kagua baada ya kilomita 500 za kwanza, ndipo ujue utamwaga kila baada ya muda gani. Utakuta uji wa rangi ya kahawia: oili, maji na petroli. Usiurudishe kwenye injini. Uweke pamoja na oili chafu. Penye baridi ya kugandisha, mwaga mara nyingi zaidi, maana maji yakiganda koponi gesi inakosa njia, na presha husukuma nje dipstiki au sili za krenki.