Jahazi la Bagamoyo kwenye meza ya kusomea

Kaka, ule ufuko wa Bagamoyo unaotaka kuuunda kwa vifani vidogo, kwa kipimo cha 1:35 (yaani kila kitu kimepunguzwa mara 35), hautaenea juu ya meza ya kusomea. Piga hesabu: jahazi la mita 15 linatoka sentimita 43, na hapo hujaweka maji wala Boma, lile jengo la utawala la Wajerumani. Shuka hadi 1:72, litakuwa kama sentimita 21. Boma likatie ukingoni, upande mmoja tu uonekane, jicho litamalizia lenyewe. Jahazi la nyuma lichonge kwa 1:144, litaonekana liko mbali. Ila mchanga wenyewe wa pwani usiutie! Chembe ya nusu milimita kwa 1:72 ni jiwe la sentimita 3.6. Badala yake saga chaki, changanya na vumbi la mbao iliyopigwa msasa, chekecha kwa kitambaa.