Nyongo yako baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Bibi yangu wa Kongwa hakumwachia mtu mwingine kazi ya kutoa maini ya mbuzi. Alikishika kile kifuko cha kijani kwa ncha za vidole, akapitisha kisu pembeni yake polepole, kisha akakitupa mbali, maana kikipasuka kitoweo chote kimeharibika. Nimekua nikijua nyongo ni uchungu wa kutupwa. Upasuaji ndio ulionifundisha vingine.

Niliingia chumba cha upasuaji nikiwa na kilo 128 na kisukari cha miaka tisa. Wakanitengea kijifuko cha chakula chenye ujazo wa kama mililita 30, wakakiunganisha na utumbo mwembamba sehemu ya chini, chakula kikaanza kuruka mwanzo wa utumbo. Siku ya nne asubuhi kipimo cha sukari kikashuka hadi 6.4 mmol/L. Uzito ulikuwa bado haujapungua hata kilo tatu! Nikadhani mashine ni mbovu, nikaomba nipimwe tena.

Mashine ilikuwa nzima. Ini hutengeneza asidi za nyongo kutokana na lehemu (kolesteroli), na kazi yake tuliyoizoea ni kuyeyusha mafuta ya chakula. Lakini asidi hizi pia hubeba ujumbe. Baada ya upasuaji kama wangu, nyongo hushuka peke yake kwenye kipande cha utumbo kisicho na chakula, na kiwango cha asidi zake kwenye damu huongezeka. Zikigusa vipokezi vya ukuta wa utumbo, hasa kile kinachoitwa TGR5, seli za pale humwaga homoni ya GLP-1, ambayo husukuma kongosho litoe insulini na kuuambia ubongo kwamba umeshiba. Si nyongo peke yake inayofanya hayo. Hata kula kidogo kunashusha sukari. Ila mwaka 2014 watafiti walipowafanyia upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula panya wasio na kipokezi kingine cha nyongo, FXR, faida nyingi ya upasuaji ilipotea.

Kwa hiyo ndugu yangu, kama unatumia insulini au vidonge vya sukari, usiondoke hospitali bila kuandikiwa dozi mpya. Dozi ya zamani kwenye mwili mpya inaweza kukuangusha njiani. Pima kila siku, andika, mpelekee daktari.

Sasa nifike kwenye lililoniumiza. Mwezi wa nne, kilo 31 zimeshaondoka, nilikula mishkaki ya mafuta kwenye harusi Nkuhungu, hapa Dodoma. Usiku maumivu yakanibana chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi bega, nikatapika mpaka alfajiri. Mawe kwenye kifuko cha nyongo. Ukipungua haraka, ini humwaga lehemu nyingi kwenye nyongo, na kwa kuwa unakula mafuta kidogo, kifuko hakikamuliwi vya kutosha. Nyongo inatuama, mawe yanajijenga. Hospitali niliyopasuliwa hakuna aliyenitajia hilo, na bado linaniuma, kwa sababu dawa ya kinga ipo: asidi ya ursodeoksikoli, nayo ni asidi ya nyongo, iliyogunduliwa kwanza kwenye nyongo ya dubu. Wengi ambao bado wana kifuko cha nyongo hupewa kwa miezi 6 ya mwanzo. Iulizie kabla hujapasuliwa. Na ukiona macho ya njano, au homa pamoja na maumivu hayo, usisubiri kukuche.

Mimi kifuko nilitolewa. Nyongo bado inatoka kwenye ini moja kwa moja, sukari imetulia, na vitamini B12, madini ya chuma na kalsiamu nitameza maisha yote. Mlo wangu ni protini kwanza, samaki au maharage, kisha mlenda na kipande cha ugali wa uwele kinachojaa kiganjani. Maji nasubiri nusu saa baada ya kula. Wageni wakija nyumbani Area C huniuliza kama nimefunga, nawaambia nimeshiba.